Mtanzania akikamatwa ugenini, mama yake aende mlango gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mkazi wa Chang'ombe hapa Dodoma, na hili jambo limenikaa moyoni tangu siku nilipomsindikiza jirani yangu, mama muuza zabibu, kwenda kuulizia habari za mwanae aliyekamatwa huko nje alikoenda kufanya kazi ya udereva. Kijana alipiga simu mara moja tu, akasema mama nimeshikwa, bosi ananisingizia wizi, pasipoti yangu anayo yeye, simu ikakata. Tukazungushwa ofisi tatu siku moja, hapa mnaambiwa nendeni kule, kule mnaambiwa njooni Jumatatu, na yule mama kwenye daladala alikuwa anaipapasa tu bahasha yake ya kaki yenye fotokopi ya pasipoti iliyofifia, hasemi neno.

Ndo nikaanza kufuatilia wenzetu wanafanyaje. Marekani mwaka 2020 walipitisha sheria yenye jina la Robert Levinson, yule aliyepotelea Iran mwaka 2007, inaweka vigezo vya kupima kama raia wao anayeshikiliwa nje kaonewa, na wana mjumbe maalumu wa rais ambaye kazi yake ni watu hao tu. Tangu 2022 kwenye tahadhari zao za safari wanaweka herufi D kwa nchi zenye hatari hiyo, halafu Septemba 2025 Rais Trump akasaini amri ya kuziorodhesha nchi zenye huo mchezo ili zibanwe.

Najua sisi hatuna ubavu wa kuwabana watu hivyo, na kesi ya kijana wetu sio ya kisiasa kama ya Brittney Griner, yule Mmarekani mcheza mpira wa kikapu, ambaye Desemba 2022 Urusi walimwachia kwa kubadilishana na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha (hiyo ya kubadilishana mimi inanitia wasiwasi kwa kweli, anayekamata anaona kumbe inalipa). Lakini kumpa mama mtu mmoja wa kumjibu, mwenye jina na namba ya simu inayopokelewa, hapo ubavu wa nini?

Halafu kuna Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mambo ya kikonseli, yaani namna ubalozi unavyohudumia raia wake ugenini, ibara ya 36, kwamba mgeni akikamatwa lazima aambiwe bila kuchelewa kuwa ana haki ubalozi wake ujulishwe, ila mpaka mwenyewe aombe. Sasa vijana wetu wangapi wanajua hilo? Wizara ya Mambo ya Nje ipo hapa hapa Mtumba, naiomba kila anayeenda kufanya kazi nje afundishwe kabla hajapanda ndege kusema "naomba ubalozi wa Tanzania ujulishwe", kwa Kiingereza na kwa lugha ya huko aendako, na familia iachiwe kopi za karatasi zake zinazosomeka.

Juzi yule mama kaniuliza, baba, Jumatatu waliyosema ni ipi? Nimekosa cha kumjibu.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma