Alhamisi usikose kwenda

Goma, Jumapili jioni

Mama Ushindi wangu,

Jambo sana. Wa nyumbani wote wazima? Huku tunamshukuru Mungu. Neema amepona malaria, Baba Neema bado anahangaika na ile pikipiki, samaki wa sambaza wamepanda bei tena. Habari za mji unazisikia redioni, leo sitaziandika.

Sauti yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Nimeona niandike, maana nikijibu kwa sauti watoto wanasimama mlangoni kusikiliza. Unasema umepata randevu ya Alhamisi kwa yule mama mwanasaikolojia, halafu ukasikia kwamba huwa anawakalisha watu kimya wakisikiliza pumzi zao, na sasa unataka kuacha. "Nilipe pesa nifundishwe kupumua?" Dada, hayo maneno yameniuma, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda kwa mtu wa namna hiyo karibu mwaka mzima na sikukuambia. Niliona haya. Unisamehe.

Unakumbuka Mei 2021. Tarehe 22 jioni mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ukalipuka, zikafuata siku za matetemeko, kisha tarehe 27 wakatuamuru kuondoka, tukashika njia ya Sake kwa miguu, wewe na sufuria ya maharage mabichi kichwani. Tulirudi nyumbani, lakini mwili wangu ulikuwa bado njiani. Miaka miwili baadaye, lori likipita usiku na vioo vikatetemeka, nilijikuta nimesimama mlangoni, Neema mgongoni, kabla sijajua kama nimeamka.

Siku ya kwanza hakuna kupumua kokote. Ni maswali: unalala vipi, unakula vipi, nani yuko nyumbani, umepitia nini. Atakuuliza pia kama umewahi kufikiria kufa. Usishtuke, huuliza kila mtu, jibu ukweli. Unayomwambia anayatunza, isipokuwa akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, na hilo anapaswa kukueleza mwanzoni. Asipolieleza, mwulize. Mwulize na bei, na mtaonana mara ngapi. Mimi ilikuwa mara moja kwa wiki, kama dakika 50. Dawa hatakuandikia, hiyo ni kazi ya daktari. Na vile vidonge ulivyopewa, usiviache bila daktari kusema.

Kuhusu lile la dini, najua Mama Pasta ameshasema kwamba haya ni mambo ya dini nyingine. Nilimwuliza mwanasaikolojia wangu waziwazi. Alinieleza kwamba Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, alijifunza kutafakari kwa Wabuddha, akachukua mazoezi akaacha ibada, na mwaka 1979 akaanza kuyafundisha katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ambayo dawa zilishindwa kuyaondoa. Masomo yale yalikuwa ya wiki 8. Baadaye wengine wakayaunganisha na tiba ya mazungumzo, kwa watu ambao huzuni kubwa inapona halafu inarudi, na Uingereza madaktari wanaipendekeza. Lakini huyo wako hatakupa darasa la wiki 8. Mtaongea, kama mtu na mwanasaikolojia wake, na katikati ya maongezi atakurudisha kwenye kile kinachotokea muda huo. Mimi sala zangu sikuacha hata siku moja.

Sasa nikuambie lenyewe. Wiki ya tatu mwanasaikolojia wangu alinipa karanga moja. Moja tu. Niishike, niitazame, niisikie ganda lake jepesi likivunjika kati ya vidole, niinuse, ndipo niitie kinywani bila kuitafuna upesi. Nilikasirika, nimeacha makaa yangu sokoni kwa ajili ya karanga! Lakini nilipoitafuna nilitambua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimesikia ladha ya kitu chochote. Nilikuwa nakula nikiwa njia ya Sake.

Na siku moja nikiwa naongea, lori likapita, vioo vikalia. Nilinyanyuka. Hakuniambia "tulia". Alisema, "Sasa hivi mwili unafanya nini?" Nikamwambia mapaja yamekaza, mikono baridi, kinywa kikavu. "Na miguu iko wapi?" Ilikuwa sakafuni. Nikaisikia, kisigino, vidole, saruji baridi. Moyo ulienda mbio bado, lakini nilikaa. Tangu mlima ulipolipuka ilikuwa mara ya kwanza lori kupita nikiwa nimekaa.

Hofu haikuondoka, Mama Ushindi, na ukienda Alhamisi ukitegemea iondolewe utarudi umevunjika moyo. Ninachokipata ni kuiona inavyoingia, inapanda, kisha inashuka, na wazo la "tunakufa" nalitambua kuwa ni wazo, halijawa habari. Tena wiki za katikati ni mbaya. Nilipoanza kukaa kimya nililia zaidi kuliko zamani, nikataka kuacha. Usiache hapo. Mwambie kwamba ni nyingi mno, apunguze mwendo.

Jambo moja ulishike sana. Kabla ya kwenda kwa mwanasaikolojia wangu niliingia katika kikundi kimoja hapa mjini, wakatuambia sote tufumbe macho tupumue. Nilipofumba niliuona moto juu ya mlima. Nilitoka mbio, na hakuna aliyenifuata. Miezi mingi nilidhani kasoro ni yangu. Kumbe kwa mtu aliyepitia kama yetu kufumba macho si lazima. Unaweza kuyaacha wazi, ukatazama ukuta, ukasikiliza sauti za nje badala ya pumzi, ukaomba kukaa karibu na mlango. Mweleze siku ya kwanza kabisa. Akikataa kukubadilishia, tafuta mwingine, lakini usiseme tiba yote ni hivyo.

Basi, utakwenda? Nani atabaki na Ushindi? Je, baba yake anajua, au unakwenda kimya kama mimi nilivyofanya? Huko Lubumbashi ardhi haitetemeki kama hapa, lakini malori ya migodi si yanapita usiku? Yanakuamsha? Yaya Bahati alikuja kweli kukuona, au ni maneno yake tu? Na ile sufuria bado unayo?

Alhamisi ukitoka nitumie hata neno moja. Nitakuwa nimeweka yunite.

Ni mimi wako,
Mama Neema