Programu hurudishwa, deni hubaki kwa mnunuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyewashauri madereva wenzetu huku Marekani, katika toleo lililopita, wasiogope kufunga tyuna, yaani kifaa cha kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili iongeze nguvu, kwenye pikapu zao za dizeli. Alisema mambo mawili. Kwanza, kwamba sheria inamkataza mtengenezaji kukunyima dhamana ya kutengenezewa gari bure eti kwa sababu umefunga kifaa cha kampuni nyingine. Pili, kwamba wakileta ubishi unarudisha programu ya kiwandani usiku, asubuhi unapeleka gari, na hakuna atakayejua. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili limenigharimu dola 17,000 na ushei, na wala si mimi niliyefunga tyuna.

Gari nililinunua kwa mwenzetu, mtu tuliyekula naye pilau la harusi sahani moja. Lilikuwa na maili 46,000. Pikapu za dizeli za hapa za miaka ile, iwe Ford, Chevrolet au Ram, injini zake zilikuja na dhamana ya miaka 5 au maili 100,000, kitakachotangulia. Nikapiga hesabu kwamba nimenunua maili 54,000 za kulala usingizi, na kwa hesabu hiyo nikakubali bei yake bila kuvutana sana. Nikaanza kazi ya kubeba magari ya mnada kutoka Houston kwenda San Antonio, mawili mawili kwenye trela.

Maili 61,000, nimeshapita mji wa Luling ulio njiani, injini ikaanza kugonga. Kabla sijaegesha, moshi ulikuwa umeimeza trela yote kwenye kioo. Mafundi wa wakala wa mtengenezaji walipofungua walikuta pistoni ya silinda ya sita imeyeyuka ukingoni. Sikuhangaika, dhamana si ipo? Siku ya tatu nikaitwa ofisini, nikawekewa karatasi mezani.

Hapa ndipo ningependa ndugu yangu yule asome polepole. Programu ya injini ina namba yake ya uhakiki, inayokokotolewa kutoka kwenye programu yenyewe. Ukibadilisha hata kidogo, namba inakuwa nyingine. Namba ya gari langu siku ile ilikuwa sahihi kabisa, ya kiwandani. Lakini kompyuta ya injini hutunza pia hesabu ya mara ilizoandikwa upya, na mara ambazo swichi ya gari imewashwa tangu ilipoandikwa mwisho. Ya kwangu ilikuwa imeandikwa mara 4. Rekodi za mawakala zilionyesha mara 1 tu. Na hiyo ya mwisho, ukihesabu swichi kurudi nyuma, iliangukia siku chache kabla sijakabidhiwa funguo. Namba ya chasi ikawekewa zuio: injini na gia boksi havitagharamiwa tena, awe nani mwenye gari.

Nilimpigia aliyeniuzia. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeona anaonewa, "Kaka, mbona mimi nilirudisha kila kitu?"

Sasa hiyo sheria. Ipo, inaitwa Magnuson-Moss, ya mwaka 1975, na ni kweli kwamba haimruhusu mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu kuna kifaa kisicho chake. Anatakiwa aonyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Redio ikifa au dirisha likigoma kupanda, tyuna haihusiki, na wakala anayekufukuza kwa sababu hiyo anakuonea. Mdai sababu kwa maandishi, na barua yake uitunze. Wapo mawakala wanaoona alama ya tyuna na kukunja faili zima, najua.

Ila pistoni si redio. Tyuna kazi yake ni kuiambia kompyuta imwage dizeli nyingi zaidi, iiwahishe, na tabo isukume hewa zaidi. Nguvu inapatikana, sibishi, mlimani ukiwa na mzigo utaipenda. Lakini nguvu hiyo inatoka kwenye moto. Pistoni nyingi za pikapu hizi ni za alumini, na alumini inayeyuka kwenye nyuzi kama 660 za sentigredi, wakati moto ulio juu yake ni mkali kuliko huo mara kadhaa. Kinachoiokoa ni oili inayorushwa chini yake, na ule upesi wa moto kuja na kuondoka. Kila aliyewahi kuacha sufuria ya alumini jikoni hadi maji yakakauka anajua mambo yanavyokwenda. Ukiongeza moto na kuurefusha, kisha ukafunga trela la tani kadhaa nyuma, mtengenezaji hahitaji maneno mengi kuonyesha chanzo. Ukitaka kubishana naye, utatafuta mtaalamu wa injini wa kukusimamia mahakamani, na mwanasheria niliyemwendea alinitajia gharama yake nikaaga kwa heshima.

Na ninyi wa malori makubwa ya matrela, msijifiche nyuma ya sheria hiyo hata kidogo. Inalinda bidhaa za matumizi ya kawaida ya mtu na familia yake. Kichwa cha lori cha kuvuta tani 36 hakimo.

Mnunuzi wa gari lililotumika ndiye ninayemwonea huruma zaidi, na wengi wetu huku tunaanzia hapo. Mwaka 2020 shirika la serikali la mazingira, EPA, lilikadiria kwamba katika kipindi cha kama miaka 10 pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa mifumo ya kuchuja moshi, karibu asilimia 15 ya zilizotoka kiwandani zikiwa nayo. Huwezi kung'oa chujio bila kuidanganya kompyuta kwanza. Kwa hiyo ukisimama mbele ya magari saba, lenye historia ya kuchezewa huenda ni mojawapo, na muuzaji hatakwambia.

Mwenye gari ambalo dhamana yake imekwisha, na hagusi mfumo wa moshi, mali ni yake. Sigombani naye.

Kwa anayenunua, nitasema nilichojifunza kwa bei ghali. Kabla ya kutoa hata dola moja, nenda na muuzaji hadi kwenye dirisha la huduma la wakala wa gari hilo, toa namba ya chasi, waulize kama ina zuio, kisha lipia wasome kompyuta: imeandikwa mara ngapi, na wao wenyewe wameiandika mara ngapi. Inama uvunguni. Bomba la moshi linalong'aa chini ya gari lenye kutu lina hadithi yake. Kagua pia bomba la kukusanya moshi pembeni mwa injini. Ukiona tundu dogo lililotobolewa na kuzibwa kwa skrubu, mtu alikuwa na kipimajoto pale, na hakukifunga kwa urembo: alikuwa akiuchunga moto wa tyuna. Muuzaji akisema hana muda wa kwenda kwa wakala, nawe usiwe na muda naye.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Ukurasa wenu wa mwisho una matangazo ya kuuza magari kila toleo. Ongezeni mstari mmoja ambao muuzaji wa gari la dizeli atalazimika kuujaza: programu ya injini imewahi kubadilishwa, ndiyo au hapana. Aliyeniuzia mimi alitangaza kwenu.

Wako,
Dereva wa mizigo,
Houston, Texas