Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: dumu la mawese lina lita ngapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Mwanga. Mimi ni mama lishe. Kwa miaka kumi na moja nimewapikia madereva wa bajaji, wapagazi wa sokoni na vijana wanaopanda kutoka Kibirizi na magunia ya dagaa. Najua mezani kwako kuna mambo mengi. Nakuandikia kuhusu dumu la mawese, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu dumu hili linaingia karibu kila jiko la mkoa wetu.

Julai iliyopita nilinunua dumu la lita 20 jioni, mafuta yakiwa bado na vuguvugu. Lilikuwa limejaa hadi shingoni. Usiku kulikuwa na baridi ya kipupwe, na asubuhi nikayakuta yameganda nusu, mekundu na mazito, na usawa wake umeshuka chini ya bega la dumu. Nikalianika juani mpaka yakalainika. Kisha nikachukua jagi langu la lita moja lenye alama ubavuni. Jagi hilo nilikuwa nimelijaribu kwanza kwa chupa ya maji ya dukani ya lita moja na nusu, ambayo kizibo chake kilikuwa hakijafunguliwa, nikaona linasema kweli. Nikaanza kumimina na kuhesabu, binti yangu akiandika kwa mkaa ukutani. Tulipata majagi 18 ya mafuta. Kilichofuata hakikuwa mafuta tena, kilikuwa maji yenye rangi ya chai ya rangi, karibu nusu jagi. Ndipo dumu likawa tupu.

Nikadhani ni bahati mbaya yangu. Mwezi uleule nikanunua madumu mengine mawili, kila moja kwa muuzaji tofauti. Moja likatoa 18 na nusu, lingine 19. Hakuna lililofika 20. Mheshimiwa, mimi natumia madumu mawili kwa mwezi. Nikipungukiwa lita moja na nusu kwa kila dumu, kwa mwaka ni lita 36, na zote nimezilipia. Hiyo ndiyo ada ya mtoto ninayoitafuta kila Januari nisiione ilikopotelea.

Nilirudi kwa muuzaji wa kwanza. Hakunifokea. Alinitazama akasema, "Mama, hata mimi nimeyanunua hivyohivyo." Nilimwamini, na bado namwamini, kwa sababu ya yale niliyoyaona baadaye kwa shangazi yangu.

Shangazi anakaa kijijini, upande wa Mwandiga. Ana michikichi ya zamani aliyoachiwa na wazazi, na anakamua mwenyewe: anachemsha chikichi, anatwanga, anakamua, anachemsha tena mafuta mpaka maji yakauke. Ni kazi ya siku nzima ya moshi na kuni. Mnunuzi huja na madumu yake mwenyewe. Nilikuwapo siku moja alipoyaacha jioni ili yajazwe asubuhi. Niliyatazama nikaona matumbo yamevimba, mikunjo ya plastiki imenyooka, hata chini hayakai sawa, yanayumba. Dumu hutiwa maji ya moto, plastiki ikilainika linapulizwa mpaka linatanuka. Tukachukua moja, tukalijaza maji kwa jagi langu, watoto wakihesabu kwa sauti. Lilimeza majagi 22 na nusu. Shangazi analipwa lita 20. Alipojaribu kumpa mafuta katika dumu lake la kawaida, mnunuzi alilikataa, akasema hicho si kipimo.

Sasa angalia, Mheshimiwa. Dumu linaloingia kwa Shangazi ni kubwa, linalotoka kuja kwangu ni dogo. Yeye anapunjwa akiuza, mimi napunjwa nikinunua, na anayekula wali na maharage kwangu ananilipa mimi hasara yote. Kila mtu kwenye mnyororo huu anaita kitu chake lita 20.

Wengine huniambia haya ni mambo madogo ya sokoni. Nimesoma kidogo, na nimeona kwamba watu wa nchi nyingi walianza na mambo madogo ya sokoni vilevile. Mwaka 1960, vyama vya watumiaji kutoka Marekani, Uingereza, Uholanzi, Ubelgiji na Australia vilikutana The Hague vikaunda shirikisho, lile linalojulikana leo kama Consumers International. Walikuwa watu wa kupima bidhaa, kulinganisha, na kutangaza walichokiona. Machi 15, 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwenye Bunge lao akataja haki nne za mnunuzi: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Alisema kwamba watumiaji ni sisi sote, na kwamba mara nyingi maoni yao hayasikiki. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka Shangazi akiambiwa dumu lake si kipimo.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Anwar Fazal wa Malaysia, kwa sababu yeye ametoka kwenye nchi zinazofanana na yetu. Alianzia kwenye chama cha watumiaji cha Penang, akaja kuliongoza lile shirikisho la dunia, na ndiye aliyetoa wazo kwamba Machi 15 iwe Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1983. Katika miaka hiyohiyo watu wa aina yake walipambana na makampuni makubwa yaliyokuwa yakiwashawishi kina mama waache kunyonyesha wanunue maziwa ya kopo, hata pale ambapo maji safi ya kuyakoroga hayapatikani. Mwaka 1981 Mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni ya kudhibiti biashara hiyo kwa kura 118 dhidi ya moja. Nimelea watoto watatu, najua uzito wa kura hizo.

Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kumlinda mtumiaji, na mwaka 2015 ikapitiwa upya. Humo kuna jambo ambalo ningependa libandikwe kila soko la mkoa huu: kwamba njia za kupata haki ziwe za haraka, za usawa, za gharama nafuu na za kufikika, na zifikirie hasa mahitaji ya watumiaji wanyonge na wasiojiweza.

Huku kwetu sheria haikosekani. Tuna Sheria ya Vipimo, tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji. Nalipenda neno hilo, mlaji, kwa sababu mimi kazi yangu ni kulisha. Tuna Wakala wa Vipimo, tuna Tume ya Ushindani, tuna Shirika la Viwango. Kinachokosekana ni ile hatua ndogo kati ya sheria na dumu langu. Nilipokwenda kulalamika kwenye ofisi moja niliambiwa, kwa adabu kabisa, niandike barua na nilete kielelezo. Kielelezo kilikuwa kimeshakaangiwa samaki! Mama lishe hawezi kuweka dumu la mawese pembeni wiki mbili akisubiri kuitwa. Mtaji wake ndio huo.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni mizani na kipimo cha lita vya umma, vilivyohakikiwa na kupigwa muhuri, viwekwe mahali pa wazi katika soko la Mwanga, na vingine viende Mwandiga na kwenye magulio ya vijijini siku ya gulio. Mtu yeyote apime bure, anayenunua na anayeuza. Akikuta pungufu, awepo mtu palepale wa kuandika na kumwita muuzaji, mafuta yakiwa bado ndani ya dumu.

Mizani naitaja kwanza kwa sababu maalumu. Mafuta ya moto hutanuka, yakipoa hupungua, kwa hiyo anayejaza dumu la moto anaweza kuapa kwamba limejaa na asiwe mwongo. Uzito haubadiliki kwa moto. Lita 20 za mawese safi huwa na uzito wa takribani kilo 18, ukiondoa dumu lenyewe. Tukizoea kuuziana kwa kilo, dumu lililopulizwa halitakuwa na faida tena, liwe limetanuka kiasi gani. Ila mizani haitaona maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yatampendelea mdanganyifu. Kwa hilo inatosha chombo cha chuma chenye koki chini: mafuta yakitulia, maji hukaa chini, unafungua koki unayaona kwa macho. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa mjini anaweza kukitengeneza.

Jambo hili lina haraka. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikisukuma zao la michikichi, na miche ya tenera, yaani michikichi chotara, kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga imepandwa vijijini kwetu. Shangazi mwenyewe ana michache kando ya ile ya zamani. Miti hiyo ikizaa yote, mafuta yatakuwa mengi na madumu yatakuwa mengi. Kama kipimo hakitanyooka sasa, tutakuwa tumewapandia wanunuzi wenye madumu yaliyovimba. Na mkulima akishajua kwamba kila dumu linamla lita mbili na nusu, hatapalilia kwa moyo.

Nisieleweke kwamba nataka wachuuzi wa sokoni wakimbizwe. Wengi ni wanawake kama mimi, wananunua kwa mkopo na kuuza kwa chupa. Msako wa siku moja unaomwaga mafuta ya mama mmoja mbele ya kamera hautatusaidia. Muuzaji mwaminifu ndiye wa kwanza anayeumia, kwa sababu lita yake kamili inaonekana ghali kando ya lita pungufu ya jirani. Mizani ya wazi itamlinda yeye kabla haijanilinda mimi. Na kama kuna wa kuanza kuulizwa, aanze yule mwenye madumu yaliyopulizwa, kabla hajafika kijijini. Ujiji hapa sheikh anafundisha kwamba sura nzima imeteremshwa kuwaonya wapunjao, na kanisani tunaambiwa mizani ya hadaa ni chukizo. Hakuna mtu Kigoma asiyejua kwamba kupunja ni kuiba. Kilichobaki ni kuwapa watu mahali pa kupimia.

Lipo la mwisho, linahusu tarehe. Kila Machi 15 nchi yetu nayo huadhimisha ile Siku ya Haki za Watumiaji. Mwaka 2024 kaulimbiu ya dunia ilikuwa akili mnemba, yaani kompyuta zinazoamua mambo ya wateja. Sina ugomvi nayo, vijana wetu wananunua kwa simu na wanahitaji kulindwa huko pia. Naomba tu kwamba Machi 15 ijayo, hapa mkoani, maadhimisho yasifanyike ukumbini. Yafanyike sokoni Mwanga, asubuhi, mafuta yanaposhushwa. Njoo mwenyewe, pamoja na wataalamu wa vipimo. Waite wakamuaji wa vijijini, wanunuzi, wachuuzi na sisi wapishi. Tupime mbele ya kila mtu, tuandike ubaoni kila dumu lina lita ngapi, bila kumtaja mwenye dumu siku hiyo ya kwanza. Shangazi ameniambia atapanda gari ya alfajiri kuja.

Nami jagi langu nitalileta. Naomba lipimwe lenyewe kwanza, kabla ya dumu la mtu yeyote.

Wako mtiifu,
Mama lishe,
Mwanga, Kigoma