Kwa wanakwaya wangu, na kwa wazee wenzangu mnaoshika hazina

Wanangu,

Jumamosi nilikaa kiti cha nyuma kabisa kusikiliza mchujo wa solo ya besi. Kijana wetu, yule ambaye babake ni wa bodaboda, aliimba hadi nikavua miwani nikafuta macho. Hakuchukuliwa. Alichukuliwa aliyefundishwa tangu ana miaka 9, kwao kuna piano sebuleni. Sina neno na mtoto huyo. Aliimba vizuri, na kufundishwa si dhambi. Kilichonichoma ni mzee wa kamati aliyetuambia pale nje kwamba kipaji cha kweli hujitokeza chenyewe.

Hujitokeza wapi, mzee mwenzangu, na kwa nauli ya nani?

Sauti ya nne, yaani besi, ile nzito ya kiume, huchelewa kukomaa. Besi wengi hufika 30 ndipo sauti itulie. Miaka yote hiyo anataka mwalimu kila wiki, mpiga piano wa kulipwa kwa saa, ada za mitihani ya gredi za muziki inayotoka London, na mtu wa kumlisha. Hiyo miaka ya kungoja ndiyo ambayo pesa ya baba hununua. Sisi wengine tukifika 24 tunaulizwa lini tutaanza kutuma kitu nyumbani. Mimi niliulizwa. Nikaenda kuhesabu magunia bohari, nikabaki mwimbaji wa Jumapili.

Marian Anderson alikuwa mwimbaji mweusi wa Marekani. Babake aliuza barafu na makaa kule Philadelphia, akafa binti akiwa bado mdogo. Shule moja ya muziki ilimfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Waumini wa kanisa lake, Union Baptist, watu wa kipato cha kawaida, walichanga akasoma kwa mwalimu wa sauti, Giuseppe Boghetti. Tarehe 7 Januari 1955 akawa mwimbaji mweusi wa kwanza kupewa uhusika Metropolitan Opera ya New York, jumba la michezo ya kuigiza kwa kuimba. Alikuwa na miaka 57, sauti imeshapita kilele. Ubaguzi nao ulikuwa umekula wakati wake.

Sisi je? Mwaka jana tulichangia sare mpya. Za zambarau. Za kijani bado hazijapauka! Harusi tunaipigia harambee, mazishi pia, lakini mtoto akiomba ada ya mwalimu wa sauti tunamwambia aombe Mungu, kana kwamba Mungu ndiye mweka hazina wetu.

Nanyi vijana: someni nota, sol-fa peke yake haitoshi. Lugha za opera, Kiitaliano na Kijerumani, anzeni sasa. Koo likiuma nyamaza. Na wewe, mwanangu wa besi, acha kukesha ukiimba kwenye mikesha ya mazishi kwa chai na mkate. Koo hilo ni moja tu.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa mlangoni na daftari la mchango wa masomo yake. Jina la kwanza ni langu, shilingi 5,000. Mstari wa pili nimeuacha wazi kwa yule mzee.