Kiswahili kipewe kazi darasani

Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika katika ukurasa huu kwamba kumpa mtoto wa darasa la kwanza Kiswahili juu ya Kiingereza na lugha ya nyumbani ni kumtwisha mzigo, na mwisho wake hatajua hata moja. Nimefundisha madarasa ya chini hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, mpaka nikastaafu. Kwa maoni yangu, mtoto tunamsingizia tu.

Nina mjukuu anayesoma Ottawa, Kanada. Kwao wanaongea Kiingereza, na Kiteso wazazi wakikasirika. Wamemwandikisha katika mpango wa huko ambao mtoto asiyejua neno la Kifaransa huanza darasa la kwanza na mwalimu anayemfundisha kwa Kifaransa. Katika jimbo lao la Ontario, mpango huo unataka angalau nusu ya masomo ya kila siku yawe kwa lugha hiyo. Mama yake hunitumia picha za madaftari kwa WhatsApp, nami, ualimu hauishi mwilini, nazikagua ukurasa kwa ukurasa.

Humo hamna orodha ya maneno na tafsiri zake. Kuna kalenda: kila asubuhi mtoto mmoja husimama mbele, akataja siku, tarehe na hali ya hewa, na kwa miezi mingi ya mwaka jibu ni kwamba theluji inaanguka. Kuna mharagwe uliopandwa kwenye kikombe, ukachorwa ulipochipua, maana somo lilikuwa mahitaji ya viumbe hai. Kuna milango mitano ya fahamu, kuna majira manne, kuna kuhesabu. Kuna ukurasa mzima wa herufi o na n zikikaa pamoja, sauti ipitie puani. Sentensi ya kwanza aliyoileta nyumbani ikiwa kamili ilikuwa ya kuomba ruhusa kwenda chooni. Mnacheka, lakini ni sentensi aliyoihitaji kila siku, na haja haingoji tafsiri.

Mwalimu wao huongea kwa mikono, kwa uso na kwa picha. Mtoto akijibu kwa Kiingereza miezi ya mwanzo haadhibiwi; anaeleweka, kisha anajibiwa kwa Kifaransa. Walioning'inizwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama shuleni wasome hapo mara mbili.

Mpango huu haukutoka kwa mabwana wa serikali. Ulianza mwaka 1965 huko Saint-Lambert, karibu na Montreal, kwa wazazi waliozungumza Kiingereza katikati ya wasemaji wa Kifaransa wa Quebec. Waliona watoto wanasomeshwa Kifaransa miaka na miaka kama somo, na bado hawawezi kuongea na jirani. Wakaisumbua bodi ya shule mpaka ikakubali kufungua darasa moja la chekechea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto wale. Hesabu yao haikuharibika. Kusoma Kiingereza kulichelewa mwanzoni kwa sababu hawakuwa wamefundishwa, kisha wakawafikia wenzao. Kifaransa walikisikia na kukisoma karibu sawa na wenyewe, ila katika kuongea walibaki na makosa, hasa ya kuchanganya nomino za jinsia ya kike na za kiume. Hakuna aliyefunga darasa kwa sababu hiyo. Sisi mtoto akisema "kiti yangu" tunaangua kicheko, na mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka anacheka zaidi, basi mtoto ananyamaza mpaka kufa.

Sasa turudi kwetu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima, msingi na sekondari. Katika shule moja ninayoijua, maana yake imekuwa kipindi ambacho mwalimu anaeleza kwa Kiingereza ngeli ni kitu gani, watoto wananakili M-WA, kengele inalia. Hawawezi kuomba maji ya kunywa.

Mimi Kiswahili nilikipata kambi ya polisi Nsambya, Kampala, katika vile vibanda vya bati vya duara tulivyoviita "mama ingia pole". Waacholi, Walugbara, Wagisu, Wasamia, sote foleni moja ya bomba. Ukitaka nafasi yako utaitetea kwa lugha gani? Hatukuwa na kitabu. Najua wapo, hasa Buganda, ambao Kiswahili kinawakumbusha askari wa vizuizi vya barabarani, na kumbukumbu hiyo si ya kubezwa. Ndiyo maana ningependa wajukuu wao wakutane nacho kwanza kwenye mharagwe na kwenye mchezo.

Lakini tusiige yote. Kiingereza cha mjukuu wangu kiko kila mahali anapogeuka, hakiwezi kupotea. Kiteso na Dhopadhola, lugha za hapa Tororo, havina bahati hiyo, na lugha za nyumbani zilizowekwa kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu tangu 2007 zibaki palepale. Ninachoomba ni kidogo: vipindi vya michezo, muziki na sanaa vifundishwe kwa Kiswahili. Havimo katika mtihani wa darasa la saba, kwa hiyo hakuna mwalimu mkuu atakayesema tumemshushia alama. Kimbia, ruka, simama, mpe mwenzako mpira, paka rangi nyekundu: muhula mmoja na mtoto anatii bila kufikiri.

Nitaulizwa walimu watoke wapi. Kanada nako walimu wa Kifaransa hawatoshi, na bado wanaendelea. Hapa Tororo tumejaa polisi wastaafu, wajane wa kambi na akina mama wanaouza bidhaa mpakani Malaba, wanaoongea Kiswahili mchana kutwa. Wakaribishwe uwanjani wamsaidie mwalimu, wapewe nauli na chai. Na wale wanaotunga mitaala pale Kyambogo watuandikie kijitabu cha michezo na nyimbo chenye picha, bila ukurasa wa ngeli.

Mwalimu mstaafu,
Tororo