Baruti zimenyamaza, mwamba je?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mzaliwa wa Kigombe, njia ya kutoka Tanga kwenda Pangani. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa mshipi. Usiku wa maji mafu, tukishafika penye mwamba, aliacha kupiga kasia akaniambia nilaze sikio chini kwenye ubao wa ngalawa. Bahari ilikuwa inatatarika, kama chumvi ya mawe iliyotupwa kwenye mafuta ya moto, haikomi. "Hapa pana watu," angesema, ndipo anatosa nanga. Pasiposikika kitu, tulisonga mbele.

Ukubwani ndipo nilipojua kuwa wale ni kamba wadogo wanaoishi matumbaweni. Gando lao likifyatuka hutoa kiputo, na kiputo kikipasuka ndio huo mlio. Watafiti wamethibitisha pia kwamba vitoto vya samaki huufuata mlio wa mwamba wakitafuta pa kukaa. Baba hakuyasoma hayo, lakini alitafuta mwamba vile vile wanavyoutafuta wao.

Sauti nyingine tuliyokua nayo ni ya baruti wanazolipulia samaki. Alfajiri vikombe vinagongana kabatini, na akina mama ufukweni wameshajua samaki wa leo watakuwa laini, matumbo yamepasuka. Mwaka 2015 watafiti waliokokota maikrofoni majini kwenye pwani ya Tanzania walinasa milipuko 318 kwa muda wa kama mwezi mmoja. Baadaye wapigaji wakasakwa kweli kweli, na kwa hilo nashukuru kwa moyo wote. Msimu huu wa upepo wa kaskazi nimekaa nyumbani mwezi mzima, sikusikia hata mmoja.

Kwa hiyo watu wanasema bahari imepona. Mimi nilipanda ngalawa ya binamu yangu hadi mwamba ule ule, nikalaza sikio. Maji yaligonga ubavuni, basi. Chini pamebaki kifusi cha matumbawe, na kifusi kinabingirika kila wimbi likipita, tumbawe changa halipati pa kushika. Niliinuka nikiwa mgeni kwenye bahari ya kwetu.

Ombi langu ni kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyopewa jina la yule samaki wa kale, tuliyonayo hapa Tanga tangu 2009, na kwa vikundi vya ulinzi wa bahari vijijini. Msiishie kuhesabu samaki wanaoshushwa. Wapeni vijana wetu maikrofoni za kuzamisha majini, warekodi kila mwamba kwa jina lake, msimu wa kusi na wa kaskazi, mwaka hadi mwaka. Tutajua upi unarudi na upi bado. Na wakienda, wapande na wazee, maana miamba iliyokuwa ikilia zamani haikuandikwa popote. Baba yangu ameshatangulia. Mwenzake aliyekuwa akikaa omo, mbele ya ngalawa, yupo Kigombe hadi leo, miguu imechoka lakini masikio bado mazima.

Mzaliwa wa Kigombe,
Tanga