Tovuti zisichukue siri za nyumba kwa watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba, pamoja na wenye tovuti wanazotumia watoto wetu, juu ya sitara ya nyumba.

Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu wa darasa la sita kakaa barazani na simu yangu, anajisajili kwenye tovuti ya mazoezi ya hesabu. Ukurasa wa kwanza alikwishautuma: jina lake kamili, skuli anayosoma, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama yake na namba yangu ya simu. Ukurasa wa pili ulitaka picha ya kitambulisho cha mzazi. Nilipomuuliza jina la mama linahusiana nini na kujumlisha sehemu, alinijibu, "Baba, si wameuliza?" Mtoto tuliyemfunza adabu hujibu anapoulizwa na mkubwa, na fomu ile ilimuuliza kama mkubwa.

Wazee wetu walijenga baraza nje ili mgeni apokewe hapo, anywe kahawa na amalize shida yake bila ya kuwaona waliomo ndani. Tovuti ile ilifika hadi chumbani, tena kwa ruhusa ya mtoto, ambaye alichokitoa si chake peke yake. Habari hizo zikikutana mkononi mwa tapeli, ataweza kunipigia akijifanya mwalimu, anieleze kuwa binti yangu ameanguka skuli na nitume pesa za matibabu haraka, nami nitamwamini kwa sababu ametaja jina la mtoto, la mama yake na la skuli bila ya kukosea.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa amjulishe mwenyewe madhumuni yake kabla ya kuzichukua. Katika fomu ile sikuona hata mstari mmoja wa maelezo hayo. Kwa mazoezi ya hesabu, darasa na jina la kuitia vinatosha, na nawaomba wenye tovuti waishie hapo. Walimu wa kompyuta nao wawaoneshe watoto kuwa kisanduku kisicho na alama ya nyota kwa kawaida huweza kuachwa kitupu, na chenye nyota kinachouliza habari za wazazi kisijazwe mpaka mzazi akione.

Wenye tovuti nimeshawaandikia wafute yote aliyoyatuma binti yangu. Wakikaa kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mzazi,
Wete, Pemba